Kusafisha kiwanja kilichoshika kichaka: mwongozo kwa watu wa Mombasa na viunga vyake

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha naulizwa maswali yale yale. "Kiwanja changu cha Utange kimeshika msitu, nianzie wapi?" "Mwarobaini ukikatwa hufa?" "Vibarua walifyeka mwezi wa pili, mbona mwezi wa sita kichaka kimerudi kizito kuliko cha kwanza?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalokula pesa za watu. Kufyeka si kung'oa. Ukikata kichaka kwenye usawa wa goti, umekipogoa tu. Mizizi iko hai, ina akiba yake chini, na mvua ya kwanza ikinyesha kila shina moja linatoa machipukizi matano. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu kazi ya kurudi mara tatu, si kazi ya siku moja. Ukiwa na nafasi ya siku moja tu, bora uahirishe.

Kabla ya kushika panga

Hakikisha ardhi ni yako na unajua inaishia wapi. Pekua rekodi kwenye ofisi ya ardhi, kisha umlete mpima akuonyeshe bikoni, yale mawe ya mpaka. Kichaka kikikaa miaka mingi, majirani husogeza ua kidogo kidogo bila hata kukusudia, na siku ya kufyeka ndiyo siku ya ugomvi. Bikoni zikishaonekana, zipige rangi na usimamishe kijiti kirefu kando ya kila moja, la sivyo kibarua ataing'oa akidhani ni jiwe.

Uliza miti ni ya nani. Hapa Pwani mtu anaweza kuwa na nyumba juu ya ardhi ya mwingine, na minazi au miembe ikawa na mwenyewe ambaye si mwenye kiwanja. Hati mkononi haikuambii mnazi ule alipanda babu wa nani. Nenda kwa mzee wa mtaa, kaa naye, uliza taratibu. Muulize pia kama kuna makaburi. Kaburi la zamani lililozungushiwa mawe ya matumbawe, likifunikwa na majani, linafanana kabisa na rundo la kifusi. Likiwepo, liache mahali pake, usafishe kandokando kwa mkono.

Kama kuna miti mikubwa ya kuangusha, pita kwa chifu na ofisi ya misitu kwanza. Kusafirisha mbao, kuni au makaa barabarani kunataka kibali, na lori likisimamishwa bila karatasi utajuta. Kama kiwanja kinashuka hadi kwenye maji, kwa mfano upande wa Mikindani au Mtongwe, mikoko si yako kukata hata kama imeingia kwenye mpaka wako. Iache. Kwanza ndiyo inayoshikilia udongo wako usiondoke na maji.

Mbuyu nao nausemea peke yake. Mbao zake ni laini, zimejaa maji, hazifai boriti wala kuni. Kuuangusha ni kazi ya siku kadhaa, na mwisho unabaki na mlima wa taka. Nimewasihi watu wengi wapange nyumba kando ya mbuyu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kunilaumu. Kivuli unapata, mabuyu unapata, na wazee wa mtaani hutawaudhi.

Vitu vya kuwa navyo

Panga mbili, slasha moja, shoka, sururu, mtaimbo, sepeto, reki na msumeno wa mkono. Tupa ya kunolea ni lazima, kwa kuwa panga butu ndilo linaloteleza na kukata mguu. Msumeno wa injini muachie fundi wake.

Tafuta pia ngoe, ule upembo wa kuangulia maembe, lakini mfupi, kama urefu wa mkono. Mkono wa kulia unashika panga, wa kushoto unashika ngoe na kuvuta matawi. Hivyo vidole vyako havifiki mahali panapofika panga, wala mahali alipolala nyoka.

Mwilini: gambuti, suruali nzito, shati la mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani ya kazi, kofia. Kama una muda mrefu hujachanjwa dhidi ya pepopunda, pitia zahanati kabla. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, na kitu chenye chumvi. Joto la kaskazi mwezi wa pili limewaangusha vijana wenye nguvu kunishinda mimi.

Wakati wa kufanya

Fyeka mwishoni mwa kaskazi, Februari hadi katikati ya Machi, wakati majani yamepungua na unaona unachokikata. Ng'oa mashina baada ya mvua za kwanza za masika, Aprili au Mei, udongo ukiwa umelainika. Ukijaribu kung'oa shina la mwarobaini mwezi wa pili kwenye udongo wetu wa mwamba, utavunja mpini wa sururu kabla mzizi haujatikisika.

Anza saa kumi na mbili unusu asubuhi, pumzika saa nne, rudi saa kumi jioni ukitaka.

Hatua kwa hatua

1. Zunguka kwanza bila kukata kitu. Tembea nje ya kiwanja, tazama juu na chini. Je, nyaya za umeme zinapita katikati ya matawi? Kama zinapita, mti huo usiuguse, wapigie simu Kenya Power. Je, nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu la mti? Mtafute mrina asali aje usiku, kwa kuwa nyuki wakichokozwa kwa moshi na panga mchana kweupe watawauma majirani kabla yako. Angalia pia chungu wekundu, wale maji moto, walioshona majani kwenye mwembe au mkanju. Kama mti huo unaubakisha, wabakishe na wao, wanakula wadudu waharibifu.

2. Tambua mimea mitatu mibaya. Upupu ni mtambaazi wenye maganda yaliyojaa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, na wakati wa kiangazi vinyweleo hivyo huruka kwa upepo. Ukate asubuhi mapema ungali na umande, au umwagie maji kwanza. Mnyaa, ule wa uani usio na majani, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani usiivue hata dakika moja. Lantana, ile yenye maua madogo ya rangi mbili tatu na harufu kali, haiumi sana ila miiba yake, lakini ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Jirani akija kuomba majani ya mifugo, mwambie.

3. Pima ardhi kwa fimbo. Usiruke hatua hii. Kata fimbo ya mita mbili, na kabla ya kuweka mguu kichakani, chokoa mbele yako. Viwanja vyetu vimejaa visima vya zamani, mashimo ya kuchimbia matofali ya mwamba, na vyoo vilivyoachwa. Kule Mwembelegeza tulikuwa watatu, na aliyetangulia alikuwa akichokoa huku akiimba. Fimbo ikazama yote mpaka mkononi. Alinyamaza. Tulipofunua mitambaazi kwa ngoe tukaona mdomo wa kisima, upana wake kama meza ya chai, kuta za mawe zimeota magugu, na chini kabisa duara dogo la mbingu likitutazama kutoka majini. Kulikuwa na hatua moja tu kati yake na kile kisima. Ukipata shimo, lizungushie vijiti na kitambaa chekundu siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuendelea na kazi.

4. Chagua upande wa kuanzia. Nyoka ataondoka mwenyewe ukimwachia njia. Anza upande wa nyumba na barabara, ukasukuma kazi kuelekea upande wenye kichaka kingine au shamba wazi. Kosa ninaloliona kila mara ni vibarua kuzunguka kiwanja wakikata kutoka pande zote kuelekea katikati. Mwishoni kinabaki kichaka kimoja kidogo, na kila kilichokuwa kikiishi kiwanjani kimejikusanya humo. Gonga chini kwa fimbo, piga kelele, mpe muda. Swila hukimbia. Kifutu hakimbii, hulala tuli akitegemea hutamwona, ndiyo sababu ya gambuti na ya kutoingiza mkono penye giza.

5. Fyeka kwa mistari. Fungua kwanza njia ya upana wa mita moja kando ya mpaka, kisha ugawe kiwanja vipande. Nyasi na vichaka laini kwa slasha, mashina ya unene wa kidole na zaidi kwa panga. Kati ya mtu na mtu kuwe na hatua tano au zaidi, na asiwepo mtu mbele ya panga. Kwenye mwamba usipige chini kwa nguvu zote. Panga likigusa tumbawe utasikia mlio mkavu, na makali yatakuwa yamekatika kama jino. Simama unoe.

6. Kata bapa, kata chini. Ukilipiga shina kwa mshazari unaacha kigingi chenye ncha, na kigingi cha mwarobaini kikikauka kinatoboa gambuti na mguu uliomo ndani. Vuta shina kwa ngoe, kata usawa wa ardhi, uso wa shina uwe bapa kama sahani. Hili uliandike kwenye makubaliano na vibarua. Ukiwapa kazi kwa kipande bila kulisema, watakata magotini kwa sababu ndiko kwepesi, na hawana kosa, ni wewe hukusema. Waambie pia taka zinakusanywa wapi na nani anaziondoa, kabla hamjapatana bei.

7. Miti. Mti usiozidi unene wa paja, ulio wazi pande zote kwa umbali mara mbili ya urefu wake, unaweza kuuangusha mwenyewe. Tazama unaegemea wapi na upepo unavuma wapi. Upande unaotaka uangukie, kata mdomo unaoingia robo hadi theluthi ya unene. Kisha nenda upande wa pili, kata kwa msumeno juu kidogo ya usawa wa mdomo, na usifike mwisho. Bakisha ukanda mwembamba wa mti usiokatwa, kama sehemu moja ya kumi ya unene, huo ndio bawaba unaouongoza mti usizunguke. Ukisikia unaanza kulia, toa msumeno, ondoka kwa kurudi nyuma na kando, njia ambayo umeshaisafisha kabla. Usisimame nyuma yake moja kwa moja, shina huweza kuruka kinyumenyume.

Mti mkubwa kuliko huo, au ulio karibu na paa la mtu, mwite mkwezi. Atapanda, afunge kamba, akate kutoka juu kuja chini vipande vipande. Bei yake utaiona kubwa mpaka siku utakapolinganisha na bei ya mabati ya jirani.

8. Ondoa taka, usichome. Najua moto ni rahisi. Lakini kaskazi inavuma, na nyumba tatu mbali kuna paa la makuti. Makuti makavu hayasubiri gari la zimamoto. Upupu ukichomwa, vinyweleo vinaingia kwenye moshi na moshi unaingia kwenye vifua vya watoto. Badala yake, panga matawi manene yawe kuni, nyoosha fito, na majani uyakatekate uyatandaze juu ya ardhi iliyo wazi yazuie jua na magugu. Lantana yenye mbegu na upupu wenye maganda weka rundo la peke yake, ulifunike kwa turubai lioze. Kama ni lazima vitu vitoke kiwanjani, patana na wa mkokoteni akuonyeshe anapokwenda kumwaga. Kumwaga kwenye mfereji wa mvua ni kuuletea mtaa mzima mafuriko.

Magogo ya mnazi ndiyo ninayoyaogopa zaidi katika taka zote. Chonga, yule mdudu mwenye pembe, huzaliana ndani ya gogo la mnazi linalooza, kisha anatoka kwenda kutoboa moyo wa minazi iliyo hai. Gogo la mnazi lipasuliwe likauke haraka au liondoke. Usiliache kona likawa kiti.

9. Rudi baada ya mvua. Hapa ndipo kazi ya pili inapoanza. Chimba kuzunguka kila shina kwa sururu, kata mizizi ya pembeni, kisha ingiza mtaimbo chini na ukandamize. Mashina madogo yatatoka. Makubwa yanayokushinda, bandua gamba mpaka kwenye mti mweupe, toka juu hadi chini ya udongo, kisha uyafunike kwa nailoni nyeusi na mawe yakose mwanga. Mnazi usikupe taabu, ukishakatwa kichwa hauchipui tena. Mwarobaini na mkwaju vinachipua kwa ukaidi, hivyo weka alama mashina yao.

10. Funika ardhi. Kiwanja kitupu kikikutana na mvua ya Mei, udongo unaondoka na mbegu za magugu zinapata jua. Panda kunde au viazi vitamu hata kama huna haja navyo. Penye mteremko using'oe kila kitu. Bakisha mkanda wa nyasi na vichaka kukingama mteremko mpaka ujenge ukuta. Kusanya vifuu, makopo na matairi yaliyojitokeza chini ya kichaka. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, na mbu anayeueneza anatosheka na maji ya kifuu kimoja.

Mambo yakikwama

*Umeguswa na upupu.* Usikune, usifute kwa kitambaa, utavisukuma vinyweleo ndani. Toka kwenye upepo, vua nguo taratibu. Bandika selotepu au donge la unga uliokandwa juu ya ngozi, uvute, urudie kwa donge jipya. Kisha ndipo uoge. Nguo zifuliwe peke yake.

*Utomvu wa mnyaa au mate ya swila yameingia jichoni.* Maji safi mengi, yatiririke juu ya jicho dakika kumi na tano au zaidi, halafu hospitali hata kama umepata nafuu. Usitie kitu kingine chochote.

*Nyoka ameuma.* Mlaze mtu, mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike, vua pete na saa. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mpeleke hospitali kwa gari au tuktuk, asitembee mwenyewe. Usipoteze muda kumwinda nyoka, picha ya simu kutoka mbali inatosha. Ukimkuta chatu amelala, simamisha kazi uwapigie KWS, shirika la wanyamapori.

*Mtu ameibuka na kusema ardhi ni yake.* Simamisha kazi siku hiyo. Usibishane naye mbele ya vijana walioshika mapanga. Nendeni kwa chifu pamoja, kila mtu na karatasi zake.

*Umeshauriwa umwage chumvi, oili chafu au mafuta ya taa kwenye shina.* Kataa. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu kama sifongo, na kinachomwagwa juu hakichelewi kufika kwenye kisima ambacho jirani anatekea maji. Dawa za kuua magugu nazo ni hivyo hivyo. Kama huna budi, paka kidogo kwa brashi juu ya shina lililokatwa muda huo huo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mbali na kisima, na siku isiyo na dalili ya mvua.

*Ndago zimejaa baada ya kusafisha.* Zilikuwepo, kivuli kilizificha. Ukizilima kwa jembe unazigawa ziwe nyingi. Chimbua kwa uma mpaka kwenye vijinundu vyake vya chini, au funika sehemu hiyo kwa matandazo mazito na viazi vitamu, uzikoseshe jua.

*Umeng'oa, umebandua gamba, na bado shina linachipua.* Ni kawaida, hasa kwa mwarobaini. Pita kila wiki ya tatu kwa miezi sita. Chipukizi likiwa na urefu wa kidole lishike kwenye kitako chake, ulivute kwenda chini litoke na kisigino chake, wala hutahitaji panga. Likishakuwa nene kama kalamu, tayari limeanza kuulisha mzizi upya, na hesabu ya miezi sita inaanza tena kutoka siku hiyo.